Aliyetutoa Kwenye Orodha ni Mimi

Mtani wangu Modesti,

Sikuulizi hali. Hali yako tunaijua, tumekuzika wenyewe, na udongo wa kaburi lako nimeukanyaga kwa miguu hii hii uliyokuwa unaiita mizito kama mchi. Sisi wa huku wazima. Mvua imechelewa, maharage ya mkeo Agata yamesimama tu, hayakui hayafi. Yeye mwenyewe anakula kidogo, analala kidogo. Ukimchekesha anacheka, halafu anajikumbuka, anafunika mdomo kwa khanga.

Kuandika siyo kazi yangu, unajua. Darasa la nne niliishia, na hilo la nne lenyewe nililisoma nusu, nusu nyingine nilikuwa napelekwa shamba. Mimi kazi yangu kuongea. Ulikuwa unawaambia watu, "Huyu akikosa mtu wa kuongea naye anaongea na mwiko." Kweli. Lakini hili la leo nimelinyamazia miaka, mimi ambaye sijawahi kunyamazia hata mimba ya jirani. Ndiyo ujue lina uzito gani.

Niruhusu nianzie mbali kidogo. Nikianzia karibu nitashindwa.

Unakumbuka bwalo la kiwanda? Pale Kihonda, kiwanda chetu cha kushona sare za shule, wewe sehemu ya kukata vitambaa, mimi sehemu ya vifungo. Jumanne na Alhamisi, kazi ikiisha, meza zinasukumwa ukutani, msimamizi anatoa santuri zake, watu wanajifunza dansi lile la kushikana mwanamume na mwanamke na kuzunguka ukumbi: wolzi, tango, chacha. Wasichana wote wa kiwanda walikuwa wanakutolea macho wewe, mrefu, shingo imenyooka kama umebeba ndoo. Ukawapita wote ukaja mpaka kwangu, mimi niliyekuja kuchungulia tu nipate la kusimulia. Ukasema, "Mtani, njoo wewe. Nikikukanyaga huna pa kunishtaki."

Watu wakacheka. Na ndivyo ilivyo, ukoo wako na ukoo wangu ni watani toka enzi za mababu, matusi yenu kwetu ni salamu. Hata marehemu mume wangu, wambea wenzangu walipompelekea habari kwamba mkewe anashikwa kiuno kila Jumanne, aliuliza, "Na nani?" Wakamwambia na Modesti. Akasema, "Aa, huyo mtani wake. Waacheni wakanyagane."

Tukakanyagana mwaka mzima. Halafu sijui ilikuwaje, miguu ikaelewana. Ikafika mahali ukipumua tu mimi najua unageukia wapi. Mtu na mumewe hawajuani hivyo, Mungu anisamehe.

Ndipo yakaja mashindano ya mkoa. Viwanda vyote, watu wa reli, watu wa mashamba ya miwa, kila mahali na jozi zake. Raundi nne, Jumapili mchana, na kila raundi ikiisha orodha inabandikwa kwenye mlango wa ukumbi pale mjini: nani wa kwanza, nani wa pili, nani wa mkiani. Sisi tukawa jozi namba saba. Kanuni zilikuwa karatasi mbili, ulinisomea wewe tumekaa kwenye ngazi za bwalo, mimi natafuna kashata. Kwanza, wote wawili muwe wafanyakazi wa mahali mnapochezea, muwe kazini hasa, siyo zamani. Pili, mkianza wawili mnamaliza wawili, hakuna kubadilisha mwenzi njiani. Tatu, kila mazoezi mnasaini daftari, mkikosa mara tatu mnafutwa.

Nikakuuliza, "Mbona wakali kuliko padri wa ndoa?"

Ukanijibu, "Padri anakufungisha na mtu tu. Hawa wanakufungisha na mtu, na daftari, na kiwanda."

Raundi ya kwanza tulikuwa wa kumi na moja, nikalia. Ya pili tukawa wa tano. Wawili wa juu wangekwenda Dar kwenye mashindano ya taifa, na huko kulikuwa na cheti. Mimi cheti ningekifanyia nini, labda nifunikie mtungi. Lakini wewe ulikuwa na hesabu yako. "Mtani, nikipata karatasi ile nafundisha dansi mahotelini. Siinami tena juu ya meza ya kukatia." Ulikuwa unaisema kila siku, mpaka nikawa naiota mimi.

Ruksa nayo, ile ya kila mtu kuingiza bidhaa za nje, ilikuwa imekolea. Mitumba ikajaa soko zima, sare za kutoka nje zikaingia kwa bei ya kutupa, kiwanda kikaanza kupumua kwa shida. Barua za kupunguzwa walikuwa wanawapa watu kimya kimya, mmoja leo, mmoja wiki ijayo, pasiwe na kelele. Zilikuwa zinapita kwa karani wa mahudhurio, Kasiani, shemeji yako, kaka wa Agata tumbo moja. Kwaresma ile, kabla ya raundi ya tatu, yako ikafika. Ukanivuta nyuma ya bwalo, ukasema, "Nimepunguzwa. Tunajua wanne: mimi, Agata, Kasiani na wewe. Wengine wataambiwa nimehamishiwa stoo ya mjini. Likalie."

Nikakwambia, "Makalio haya hayajawahi kukosa nafasi." Ukacheka, masikini. Na macho yako mekundu.

Kanuni tulikuwa tumeivunja, sikatai. Lakini mtani, ile kanuni ya tatu, ile ya daftari, nani aliitimiza kama wewe? Mlirudi kuishi Towelo kwenye migomba ya mama yako. Toka mlimani kule mpaka Kihonda kwa miguu, masaa matatu kushuka, na kupanda tena. Viatu vya dansi umevivingirisha kwenye gazeti, vimo mfukoni, miguuni umevaa makatambuga ya matairi. Kasiani anasema na mlinzi wa geti unapita. Siku ile ya mvua kubwa, njia imekatika, mimi na Kasiani tulijua hutafika. Saa kumi ukatokea mlangoni, tope mpaka magotini, mgongoni umebeba majani ya mgomba uliyojifunika. Ukaenda bombani, ukanawa, ukavaa viatu, ukasaini daftari. Ukaniambia, "Umesimama nini? Wolzi haichezwi kwa macho."

Raundi ya tatu tukawa wa pili. Wa pili, Modesti! Nilishika ile karatasi mlangoni kwa kidole mpaka wino ukachafuka.

Sasa nafika.

Jumapili moja kabla ya raundi ya mwisho, tumetoka misa, nasuka watu barazani kwangu. Magotini kwangu amekaa Tekla, mke wa Kasiani, kichwa kimeinama, nimefika katikati ya utosi. Pembeni yupo Zuhura, yule wa kiwanda kingine, aliyekuwa wa tatu kwenye orodha na mwenzie. Alikuja kunichokoza, nakuapia, si kusukwa.

"Mama Sesi, Jumapili ijayo mnaaga," akasema. "Sisi mazoezi kila siku. Nyie mara mbili kwa wiki kama kliniki ya watoto."

Nikamwambia, "Kliniki yetu ndiyo imewaacha nyuma."

"Haya. Na yule mwenzio Modesti mbona simwoni tena pale Kihonda? Kachoka? Wanaume wa mlimani wavivu, akishapanda mgomba anakaa chini kuungoja uzae."

Angenitukana mimi ningecheka, angemtukana mama yangu ningemjibu taratibu. Lakini wewe? Uvivu? Damu ikanipanda, mdomo ukatangulia, akili ikabaki nyuma inavaa viatu. Nikasema, "Modesti mvivu? Mtu hana kazi, kapunguzwa toka Kwaresma, na bado anashuka toka Towelo kwa miguu kuja kusaini daftari! Nani kwenu anaweza?"

Kwa majivuno nilisema, mtani. Nilikuwa nakusifia.

Mikono yangu ikasimama kwenye nywele. Tekla hakuinua kichwa, ila shingo yake niliisikia ikikakamaa katikati ya magoti yangu. Zuhura akatabasamu. "Basi huyo anapenda kweli," akasema. Akajifunga khanga vizuri, akaaga, eti ameacha maharage jikoni.

Nikamaliza kumsuka Tekla bila neno. Hebu fikiria, mimi, kichwa kizima bila neno.

Nilikuwa na wiki nzima ya kukwambia. Jumanne tulicheza, Alhamisi tulicheza, ulikuwa mwepesi kama karatasi. Nikajipa moyo, labda Zuhura hatasema, labda kamati hawatajali. Nikanyamaza.

Jumapili yenyewe ulivaa koti la baba yako, Agata amelipiga pasi mpaka linang'aa. Ukumbi umejaa, watoto kwenye madirisha. Jozi zinaitwa, zinaingia. Tulipofika sisi, mwenyekiti wa kamati akasimama. "Jozi namba saba, tuone kwanza vitambulisho na hati za mshahara za mwezi huu." Wengine hawakuulizwa. Nikatoa zangu. Wewe ukapapasa mfuko wa kulia. Ukapapasa wa kushoto. Ukapapasa wa ndani. Na ulikuwa unajua vizuri kabisa kwamba humo hamna kitu, lakini ulipapasa yote, polepole, watu wote wanakungoja. Mpaka leo nikifumba macho naiona ile mikono.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa sauti ya chini, "Bwana Modesti, kanuni unaijua."

"Naijua," ukasema. "Mimi ndiye niliyemsomea mwenzangu."

Tukatoka. Mlangoni tukamkuta Kasiani amesimama, anahema kama aliyekimbia. Ukamwambia mbele ya watu, "Shemeji, barua ile ilipita mkononi mwako tu."

Kasiani akafungua mdomo. Akaniangalia mimi. Aliniangalia hasa, Modesti, muda wa kuhesabu moja, mbili, tatu. Halafu akasema, "Sikusema, shemeji." Basi, hayo tu.

"Nani sasa? Huyu?" Ukaninyooshea kidole, ukacheka kile kicheko kisicho na furaha. "Huyu kazaliwa mdomo wazi, lakini la kwangu hawezi kulitoa."

Na mimi nikacheka. Mungu wangu, na mimi nikacheka.

Toka siku hiyo hukumsalimia tena Kasiani. Ulimkataza kutia mguu nyumbani kwako, na Agata akawa anapata habari za kaka yake kupitia kwa watu. Mama yao alipougua, wewe na Kasiani mlikaa pande mbili za kitanda kama mnalinda mpaka. Kiwanda kilipofungwa kabisa, Kasiani akahamia Gairo kununua mahindi na karanga. Nilipumua, nikuambie ukweli. Maana miaka yote nilikuwa namngoja Tekla afungue mdomo. Nikimwona sokoni, nabadilisha njia. Hakufungua.

Na sisi tukaendelea kucheza, hakuna orodha, hakuna namba mgongoni. Harusi za Towelo, kipaimara, sherehe za kuaga bibi harusi. Wenye shughuli walikuwa wanakuja kutuomba: "Mtufungulie." Tunafungua, watu wanapiga vigelegele, wewe unaninong'oneza, "Mtani, tungefika Dar." Kila harusi. Hukusema kwa hasira hata siku moja. Ulisema kama mtu anayetaja ndugu aliyekufa mdogo. Na mimi nimekushika bega, jibu ninalo kinywani, nalimeza, natabasamu kwa ajili ya bibi harusi.

Cheti hukupata. Mahotelini hukufundisha. Ulilima kabichi mpaka kifua kikakuangusha.

Sasa msiba wako. Watu walijaa mpaka njia ya kisimani. Na mimi kazi yangu ilikuwa wazi, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kufanya mzaha msibani. Nilizuia jeneza mlangoni, nikasema hutoki mpaka unirudishie vidole vyangu vya miguu ulivyokanyaga. Wakacheka huku wanalia. Nikachukua jembe la mchimba kaburi, nikalishika kiuno, nikacheza wolzi nalo kama wewe, shingo juu, na Agata akacheka, Modesti, Agata alicheka mpaka akakaa chini. Nilifanya kazi nzuri. Ungekuwepo ungeniweka wa kwanza.

Halafu nikamwona Kasiani. Alitoka Gairo, kasimama peke yake kwenye migomba, kofia mkononi. Hakuna aliyempa pole, hakuna aliyempa jembe arushe udongo. Mjomba wako mmoja akasema kwa nguvu, "Msaliti naye kafuata nini?"

Siku ile, pale kaburini, katika watu wote wale, ni mimi tu niliyekuwa na ruhusa ya kusema lolote na mtu asinune. Lolote. Ndiyo kazi ya mtani, kusema lisilosemeka. Watu wote wananiangalia, wanangoja. Unajua nilisema nini? Nikasema, "Karani! Umekuja kuandika mahudhurio? Marehemu leo hajakosa!"

Watu wakaangua kicheko. Kasiani akainamisha kichwa, akavaa kofia, akashuka mlima kabla udongo haujajaa.

Toka hapo sijalala vizuri. Nikapika, chakula kina ladha ya udongo. Wiki tatu zikapita, nikasema hapana, nikapanda basi mpaka Gairo. Nilimkuta kwenye banda lake, amezungukwa na magunia ya karanga, Tekla anapepeta. Tekla akanipa kigoda, hakunipa maji. Nikamwambia Kasiani yote, tangu Zuhura alivyonichokoza.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama Sesi, mke wangu alikuwa magotini kwako. Ulisema juu ya kichwa chake. Aliogopa kuniambia, kaniambia asubuhi ile ya mashindano. Nilikuwa nakimbia kuja kumwonya shemeji, nimechelewa."

"Sasa kwa nini hukusema? Pale mlangoni, mbele ya watu?"

Akawa anachambua karanga, anatupa mbovu. Akasema, "Angebaki na nani? Kazi imekwenda, cheti kimekwenda. Alikuwa amebakiwa na wewe tu wa kucheza naye. Nikasema acha anune na mimi, mimi shemeji, mwaka mmoja atapoa. Hakupoa."

Nililia, mtani. Nililia mpaka wateja wakarudi nyuma. Akaendelea, na hapo ndipo alipoongea kwa ukali, "Lakini pale makaburini nilikungoja. Nilisema leo atasema. Ukanifanya kichekesho."

Nikamuuliza kama amenisamehe. Akasema, "Bado. Usiniharakishe." Nikamwomba basi aje kwenye arobaini yako Jumamosi. Akasema, "Nitakuja nikae nje ya ua. Ukishasema, dada yangu akiniita, nitaingia."

Ndiyo hiyo barua, Modesti. Nimeandika siku nne, mkono umevimba. Nilitaka nisimame niseme mwenyewe, lakini juzi nilijaribu. Nilimwambia jirani, "Aliyemchongea Modesti ni mimi." Akacheka mpaka akajipiga paja. "We Mama Sesi, utani hadi arobaini!" Hawaniamini. Miaka yote hii nimewachekesha, sasa nikisema la kweli wanangoja mwisho wake wapige makofi.

Kwa hiyo nampa katekista aisome yeye, kwa sauti ile yake ya kusomea matangazo ya ndoa, baada ya sala na kabla ya chakula. Nimemwomba asibadilishe neno. Nitakaa mbele, pembeni ya Agata, nisikimbie.

Wewe nakuomba msamaha ukiwa huwezi kunijibu, na hiyo ndiyo adhabu yangu, maana hujawahi kuniacha bila jibu. Nilikunyima Dar kwa kukupenda vibaya, na nikakunyima shemeji yako kwa kujipenda mwenyewe. La kwanza nadhani ungenisamehe. La pili sijui.

Pumzika, mtani. Miguu inakukumbuka.

Katekista nimemwambia: wakicheka, anyamaze, angoje, halafu aanze tena kusoma toka mwanzo.

Ni mimi mtani wako na mwenzio wa dansi,
Mama Sesi